Waya wa freti: pima ulimi kabla ya taji

Barua za safari hii zinahusu waya wa freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole wa gitaa, na karibu zote zinauliza taji, yaani ile sehemu ya juu inayoguswa na nyuzi. Ni mmoja tu aliyetaja ulimi, ule ubapa mwembamba unaozama ndani ya ubao wa vidole, pamoja na vijino vya ubavuni mwake vinavyoushika mti. Barua yake nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine.

Muuzaji mmoja ameniandikia 43080, mwingine 55090. Namba hizi ni za nini, na ipi inafaa gitaa la nyuzi za nailoni?

Ni vipimo vya taji kwa sehemu za elfu za inchi: tarakimu mbili za mwanzo ni kimo, tatu za mwisho ni upana. 43080 ni takriban milimita 1.1 kwa 2.0, na 55090 ni 1.4 kwa 2.3. Huo ni utaratibu wa Jescar, kampuni inayouza waya wa freti. Namba za Dunlop, kampuni nyingine ya waya, kama 6230 na 6105, hazielezi kipimo chochote, lakini ukizigeuza kuwa milimita utaona 6230 inakaribiana sana na ile ya kwanza yako, na 6105 na ile ya pili. Kwa hiyo linganisha milimita, namba za katalogi ziache.

Kwa nailoni chukua ile fupi. Freti ndefu humsaidia mpigaji anayevuta nyuzi pembeni ili sauti ipande, jambo ambalo kwenye gitaa la nailoni hufanywa kwa nadra. Tena mwenye mkono mzito akibonyeza uzi hadi kwenye mti, freti ndefu humpandishia sauti bila yeye kutaka.

Shikamoo fundi. Nikeli-silva au stenlesi? Na je, nikeli-silva ina fedha ndani?

Marahaba. Fedha haimo hata chembe. Ni rangi tu iliyoipa jina. Ndani yake shaba ndiyo nyingi zaidi, kisha zinki na nikeli, na waya mzuri wa freti huwa na nikeli karibu asilimia 18. Hukatika vizuri, hupindika vizuri na huitii tupa. Ubaya wake ni kwamba nyuzi za chuma huila taratibu, hasa freti za karibu na kichwa cha gitaa ambako vidole hukaa muda mwingi.

Stenlesi hudumu zaidi, lakini inakula vifaa. Koleo la kawaida la kukatia waya litapata mapengo mdomoni, na tupa itaisha makali kabla hujamaliza ncha zote. Katikati kuna aloi iitwayo EVO, ya rangi ya dhahabu, yenye shaba, bati, chuma na titaniamu. Haina nikeli, kwa hiyo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye ngozi yake huwashwa na madini hayo.

Kama hili ni gitaa lako la kwanza, anza na nikeli-silva. Utakosea ncha mbili tatu, na waya huu unakubali kusahihishwa.

Nimegongea freti zote 20, ulimi umeingia kwa shida, na sasa shingo imepinda kwa nyuma. Nilikosea nini?

Waya wako na msumeno wako hawakupimwa pamoja. Fikiria kila freti kama kabari. Ulimi ukizidi upana wa mkato, yaani ule mfereji wa msumeno unaouingia, kwa milimita 0.05, kabari 20 zinaudai ubao wa juu urefuke kwa milimita nzima, na upande wa chini wa shingo haurefuki. Mti laini hubonyea ukameza sehemu ya ziada hiyo. Mpingo haumezi kitu. Kitu pekee kinachobaki kufanyika ni shingo kupinda. Mimi niliwahi kuharibu shingo nzuri kwa njia hii hii, na bado inaniuma.

Ulimi wa kawaida una unene wa kama milimita 0.5, na ukipima kutoka kijino hadi kijino unapata karibu 0.8. Mkato wa milimita 0.6 unaupisha ulimi kwa urahisi na kuviachia vijino viume. Mti mgumu sana unataka nafasi zaidi kidogo. Kina cha mkato kizidi ulimi kwa nusu milimita, usije ukagonga chini wakati taji bado halijalala.

Kama shingo ina fimbo ya chuma ya kurekebishia, ilegeze kwanza uone. Isipotosha, pasha kila freti moto kwa pasi ya kulehemu, ing'oe polepole kwa koleo bapa, kisha panua mikato. Wapo mafundi wanaotumia ulimi mnene kwa makusudi, kunyoosha shingo isiyo na fimbo. Wao hupima kila freti wanapoendelea.

Safari ijayo, kata kipande cha masalia ya mti uleule kwa msumeno uleule, ugongee freti moja kabla ya kugusa shingo.

Ninunue urefu gani?

Hesabu milimita 60 kwa kila freti. Freti 20 ni mita 1.2; nunua 1.5, na salio litunze na lebo yake kwa matengenezo ya baadaye. Kwa ubao wenye mgongo, yaani uliobinuka katikati, chukua waya uliokunjwa zaidi kidogo ya mgongo wenyewe, ncha zisiinuke. Kwa ubao bapa, vipande vilivyonyooka vinatosha.

Sipati waya wa freti kabisa. Naweza kutumia fito za shaba za kulehemia, au freti za gitaa bovu?

Fito ya duara haina ulimi. Itashikwa na gundi tu, na gundi itachoka. Bora utafute ukanda bapa wa shaba ya manjano au nikeli-silva, uusimamishe kwenye mkato unaoubana sawasawa. Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani, walijenga magitaa yenye freti za ukanda hivyo hadi 1934. Kazi ni kubwa, kwa kuwa hakuna kijino kinachosamehe mkato mpana, na ile hesabu ya kabari inakuhusu hapa kuliko popote.

Freti za gitaa bovu zinatumika, ila vijino vyake vimeshachakaa na taji limeshapungua. Zipime zote kimo, na zile fupi zaidi ziweke karibu na tundu la sauti.