Bibi Anaongea Kihaya, Mwalimu Kasema Tumkataze

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunaishi Dar, mwanangu ana miaka mitatu na nusu, mimi na baba yake tunaongea nae Kiswahili ila mama mkwe yuko kwetu toka Bukoba na yeye na mjukuu wake ni Kihaya kutwa nzima. Sa hivi mtoto anachanganya, utamsikia "bibi nataka amaizi" (yaani maji), na mwalimu wake wa chekechea kasema tumkataze bibi maana mtoto atachelewa kuongea. Nifanyeje jamani? – Mama wa Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi msimkataze, nakuomba sana. Hiyo hofu ya mwalimu ni ya zamani mno, mwaka 1962 watafiti wawili, Peal na Lambert, walipima watoto wa miaka kumi kule Montreal, Kanada, wanaojua Kifaransa na Kiingereza, wakakuta wengi wanawashinda wenzao wa lugha moja kwenye vipimo vya akili. Baadae walilaumiwa kwa jinsi walivyowachagua wale watoto, sawa, ila ile imani kwamba lugha mbili zinadumaza akili haijasimama tena vizuri mpaka leo.

Huko kuchanganya ni kawaida kabisa, mtoto anachukua neno lililo karibu mdomoni, na ukimchunguza utaona kwa bibi Kihaya kinazidi, akimgeukia baba yake Kiswahili kinazidi, yaani tayari anajua nani anaongea nini na hakuna aliyemfundisha. Ukitaka kujua kama kachelewa hesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja, usihesabu ya Kiswahili peke yake ukaanza kulia. Kama ndani ya lugha zote mbili haungi sentensi, au ukimwita kwa nyuma hageuki, hapo mpeleke hospitali wampime masikio mapema, na hilo halina uhusiano na bibi.

Mimi sikwambii umwachie Kihaya ili awe na akili nyingi, watafiti wenyewe bado wanabishana kuhusu hilo. Namwonea uchungu mjukuu atakayeenda Bukoba akae katikati ya ndugu zake asielewe wanachocheka. Na akianza shule lugha ya bibi inapotea haraka sana kama hakuna anayemsemesha, kwa hiyo hata bibi akirudi kijijini mpigieni simu waongee.

SWALI: Kazini naongea na kuandika Kiingereza siku nzima bila shida, ila nikihesabu hela najikuta nahesabu Kiswahili, na nikikasirika Kiingereza chote kinayeyuka. Ni tatizo? – Msomaji, Arusha

JIBU: Sio tatizo kaka. Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali, jedwali la kuzidisha ulilikariri kwa Kiswahili na ndo lilipokaa mpaka leo. Hasira nayo inatafuta lugha uliyogombezwa nayo utotoni. Ila hela za ofisi zirudie mara ya pili kabla hujasaini.