Kombati Imerudi Stoo, Wewe Umebaki Nani?

Kuna kijana kaniandikia wiki hii. Amemaliza miaka yake miwili ya kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), amerudi nyumbani, ajira ya jeshi hakupata. Anasema kila siku saa kumi alfajiri macho yanafunguka yenyewe, anakaa kitandani hana pa kwenda. "Afande, huku mtaani sijui mimi ni nani." Nimempigia simu tukaongea, lakini wanaoniuliza swali hilo ni wengi. Baadhi yao wamestaafu Jeshi la Wananchi (JWTZ) wakiwa na vyeo vikubwa kuliko changu. Kwa hiyo naandika, na nitaandika kwa kirefu, maana jambo hili nimeliishi.

Baba yangu alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere aliposema Novemba 2 kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, Baba alikuwa miongoni mwa waliopanda malori kwenda kaskazini. Kutoka Kagera wakaingia Uganda, na sehemu kubwa ya vita ile askari wetu waliitembea kwa miguu. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Baba akarudi kijijini, akashika jembe. Hakurudi na cheo wala pesa.

Mimi nilizaliwa baada ya hapo, na nilichokiona cha vita ile ni jambo moja. Kila asubuhi kabla hatujaondoka kwenda shule, Baba alitupanga mlangoni akakagua soli za viatu vyetu. Aliinua mguu mmoja mmoja, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akitafuta ulipoanza kuachia. Akiupata, kiatu kilivuliwa na kushonwa palepale, hata kama kengele imeshalia. Alikuwa amewaona watu wazima, wenye nguvu zao, wakiachwa nyuma kwa sababu ya kidonda cha kisigino. Majirani walimwita mkulima, naye alikuwa mkulima kweli. Sikumsikia hata siku moja akilalamika kwamba nchi imemsahau. Julai 25, Siku ya Mashujaa, alivaa shati safi akakaa karibu na redio mpaka gwaride liishe, kisha akaenda shambani.

Nilipoingia JKT Mafinga, Tanzania kwangu ilikuwa ramani ya darasani. Hangani, yaani bwenini, nililala kati ya Mpemba na Mkurya, na mbele yangu Mha wa Kasulu aliyekuwa akiongea usingizini kwa lugha yao. Ile baridi ya Mafinga nadhani kila aliyepita pale anaikumbuka. Kwata, yaani mazoezi ya gwaride, sitaisimulia, aliyeipiga anaijua na asiyeipiga haitamsaidia. Ninachotaka kusema ni kwamba pale ndipo nchi ilipopata sura za watu. Mpaka leo nikisikia mafuriko Rufiji au njaa mahali fulani, kuna mtu ninayemfikiria kwa jina. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa JKT ilipoanzishwa Julai 10, 1963, hata miaka miwili ya uhuru haijatimia: vijana wa makabila yote wale pamoja, walime pamoja, wajuane. Mwaka uliofuata askari wa Tanganyika Rifles waliasi, jeshi lile tulilorithi kwa Mwingereza likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ. Tangu mwanzo, mwanajeshi wa nchi hii alitakiwa awe mwananchi kwanza. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote, na ndilo linalonipa haki ya kusema nitakayosema hapa chini.

Baadaye niliajiriwa jeshini, nikafika hadi Darfur, Sudan, na kikosi chetu chini ya UNAMID, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Nilikuwa nimesharudi nyumbani Julai 13, 2013, siku askari wetu saba walipouawa kwa kuvamiwa karibu na Khor Abeche. Njia ile naijua. Siku mbili tatu baada ya habari kutoka nilikuwa kwenye daladala, nimevaa kiraia, abiria wawili mbele yangu wakizungumzia vifo vile. Mmoja akasema, "Si walifuata dola." Sikujibu. Nilishuka kituo kisicho changu. Miaka imepita na bado inaniuma, sitaki kuficha.

Muda wangu ulipofika nilikabidhi vifaa. Mtunza stoo alikuwa kijana mpole. Alitaja kitu kimoja kimoja, akakigusa, akaweka alama kwenye karatasi: kombati, buti, mkanda, poncho. Nikasaini. Nilitoka getini na mlinzi wa zamu hakunipigia saluti, maana hakuwa na sababu ya kunipigia. Uraiani kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ulinzi kwenye ofisi moja ambayo bosi wake hakuniuliza najua nini zaidi ya kufungua geti. Aliniita "wewe mjeda" mbele ya wageni. Mimi niliyewahi kusimamia usalama wa msafara mzima wa malori ya maji jangwani!

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Cheo ni cha jeshi, na siku ya kuondoka unakiacha jeshini. Ukikibeba mpaka nyumbani, utamwamrisha mkeo na watoto watakukimbia. Nimeona nyumba zimevunjika hivyo. Acha cheo. Nguo nayo iache. Kama kuna shati la kombati umelificha chini ya godoro, lirudishe. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare ya jeshi, na hata kama ingeruhusu, shati hilo linakufanya uishi kama mtu anayesubiri kuitwa. Usisubiri kuitwa. Matangazo ya JKT yamekuwa yakieleza wazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halihusiki kumtafutia mtu ajira, linatoa mafunzo ya kumwezesha kujiajiri. Najua uliyasoma, najua pia ulitumaini. Kutumaini si dhambi. Ila miaka miwili ile usiipime kwa ajira, ipime kwa mtu aliyetoka mle.

Nawaambia na wastaafu wenzangu: nchi haitusahau kwa sababu mtu fulani kwenye daladala kasema upuuzi. Mnara wa mashujaa waliokufa vitani uko Kaboya mkoani Kagera, mwingine Naliendele mkoani Mtwara, na waliolala pale hawakuuliza nani atawapigia saluti. Tunaodai heshima kila kona tunawapunguzia wao. Heshima yako iwe kwenye namna unavyofanya kazi: fika kabla ya saa, timiza ulichoahidi, usimwache mwenzako nyuma. Mtaa una vijana wasiojua hata kukunja shuka, wafundishe. Una wazee wanaoibiwa kuku usiku, simama nao. Tumikia pale ulipo. Ukitumikia, swali la wewe ni nani litakosa nafasi kichwani.

Yule kijana nilimuuliza kambini alijifunza nini zaidi ya silaha na kwata. Alinyamaza, kisha akasema bustani za mboga, kuku wa mayai na kuchomelea kidogo. Nikamwambia saa kumi hiyo anayoamka ni mtaji, wakulima wa mboga hupeleka mzigo sokoni saa hizo. Mjomba wake ana eneo karibu na mto ambalo halilimwi. Jumamosi tunaongea tena, aniambie mjomba amejibu nini na maji yanafika umbali gani kiangazi.