Kabla Hujaagiza Chakula Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa

Sisi wa Likoni tukisafiri kwa ndege hutoka nyumbani alfajiri hata kama ndege ni ya mchana. Hujui feri itakuweka foleni muda gani, na ukishavuka kuna msongamano wa Changamwe. Kwa hiyo hufika uwanjani mapema, na njaa imeshashika.

Mwaka juzi nilimpeleka mama kliniki Nairobi. Ndege ilikuwa ya saa saba na nusu. Tukaketi mkahawani saa tano na nusu, mama akaagiza samaki wa kukaanga na wali wa nazi, akameza dawa yake ya sukari kwa kujua chakula kinakuja. Samaki alikuja saa saba kasorobo, mafuta bado yanachemka juu ya ngozi. Mama akamkamulia ndimu, akamega kipande kwa ncha za vidole, akakipuliza. Hajakitia mdomoni, tukaitwa. Mhudumu naye alikuwa ameondoka na noti yangu kutafuta chenji.

"Mwanangu, na huyu samaki?"

Tulimwacha mezani mzima. Mama alishuka Nairobi mikono inamtetemeka, maana dawa ilishusha sukari na tumbo ni tupu, na hilo liliniuma kuliko pesa.

Tangu siku hiyo siketi kabla sijauliza: "Kakangu, ndege yetu ni saa fulani, kipi kiko tayari jikoni sasa hivi?" Wahudumu wetu ukiwauliza hivyo hukwambia ukweli. Pilau iko sufuriani, sambusa ziko tayari. Samaki na kuku wa kuchoma ndio kwanza wataanza kushughulikiwa. Nalipa kwa M-Pesa chakula kinapowekwa mezani, nisije nikangoja chenji. Na kumbuka saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Mlango wa kupandia ndege hufungwa kabla ya hapo. Kama kuna pa kula baada ya ukaguzi, pita kwanza ndipo ule, ubaki na mlango tu mbele yako.

Mahamri na mbaazi nayapenda mno, ila nayala nikishafika. Ndege ikipaa, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ndani ya ndege hupungua, kama vile umepandishwa mlima wa mita 2,000 hivi, na gesi iliyo tumboni hutanuka. Mbaazi zina gesi ya kutosha hata ukiwa chini. Kwa mzee aliyefungwa mkanda kitini, huo ni usumbufu wa bure.

Usimwache mgonjwa wa sukari akategemea jiko la mkahawa peke yake. Mimi sasa natia ndizi mbili na kipande cha mkate mkobani, na dawa haimezwi mpaka sahani iwe mezani.

Mwezi uliopita tulisafiri tena. Mama alikula pilau na kachumbari, akameza dawa, akaomba maji ya moto. Tulipoitwa alikuwa ameshanawa mikono, anajifunga mtandio.