Kampuni inajiita "rafiki wa mazingira": uanzie wapi kuikagua

Dada, umeuliza utajuaje kama kampuni ya magauni unayotaka kuagiza inasema kweli. Mimi ni fundi cherehani. Huanza kwa kugeuza nguo ndani nje. Lebo ikisema poliesta 100%, hiyo ni plastiki, hata ikiwa na picha ya jani.

Kisha tafuta orodha ya viwanda vyao, majina na anwani. Jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, lebo zilitafutwa kwenye kifusi ili ijulikane viwanda hivyo vilikuwa vikishonea kampuni zipi. Inaniuma hadi leo.

Wakidai pamba ya kilimo hai, omba namba ya cheti cha GOTS (kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai), uihakiki kwenye tovuti ya GOTS yenyewe. Wakikukwepa, usitume hela. Ukiagiza kwa jumla, mwanasheria ausome mkataba kwanza.