Dawa ya Injekta Hairudishi Kilomita Zilizopotelea Kwingine

Msomaji mmoja wa Mwanza amenitumia ujumbe akiuliza anunue dawa gani ili Toyota Premio yake, ambayo zamani ilimpa kilomita 12 kwa lita na sasa haifiki hata 9, irudi ilivyokuwa. Fundi wake amekwisha kumwandikia orodha: dawa ya kumimina kwenye tangi, dawa ya kusafishia injini kabla ya kumwaga oili, na dawa ya kuongeza oktani, yaani uwezo wa petroli kutojiwakia kabla ya wakati wake. Orodha hiyo ninaifahamu vizuri, kwa kuwa niliwahi kuandikiwa na mimi, karibu kwa mpangilio uleule, na nikiikumbuka bado ninaumia kidogo rohoni.

Sisemi kwamba dawa hizi zote ni uongo. Mojawapo ninaitumia hadi leo, na nitaeleza kwa nini. Kinachonikera ni desturi ya kumuuzia mtu dawa kabla ya kumuuliza kilomita zake zimepotelea wapi.

Gari langu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, lililokuja likiwa limetumika Japani kama magari ya wengi wetu. Katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, ambayo ni mwendo wa kilomita 190 hivi, lilikuwa likinipa kilomita 14 kwa lita bila mimi kujibana sana. Ulaji ukaanza kupanda taratibu, hadi siku moja nilipopiga hesabu nikapata 11. Sikukisia, tangu nilipolinunua nimekuwa nikijaza tangi hadi bomba la pampu linapojikata lenyewe, nasafiri, kisha najaza tena kwenye pampu ileile na kugawa kilomita nilizotembea kwa lita zilizoingia. Watu wengi hutazama mshale wa mafuta na kusema gari "linakula," ilhali mshale ule haupimi ulaji hata kidogo.

Gereji niliyokuwa nikipeleka gari walinisikiliza kwa dakika chache wakatoa hukumu kwamba injekta, yaani vipulizio vya petroli, zimeziba. Nikawekewa dawa. Nilipopima, hesabu ilikuwa ileile. Nikaambiwa kwamba uchafu ni wa muda mrefu, hivyo inahitajika dozi nyingine, na safari hii pamoja na ile ya kusafishia injini. Niliposema kwamba ningependa kwanza gari lipimwe, fundi mkuu alinijibu mbele ya wateja wengine kuwa wenye magari wa siku hizi wanasoma sana mtandaoni. Watu wakacheka. Shemeji yangu, niliyekuwa nimeongozana naye, naye akacheka, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila tulipokutana alikuwa akiniita injinia.

Basi injinia huyo akanunua kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kile kinachotuma takwimu za injini kwenye simu, na jambo la kwanza lililojitokeza lilikuwa joto la maji. Kwenye foleni ya Kimara joto lilipanda kama kawaida, lakini nikishapita Kibaha na barabara ikawa nyeupe, lilishuka hadi nyuzi 60 na kitu na kukaa hapohapo. Thamostati ya injini ile, yaani mlango mdogo unaofungulia maji kwenda kwenye rejeta, hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, kwa hiyo maji hayakupaswa kupoa kiasi hicho nikiwa katika mwendo. Nilikwenda kwa fundi mwingine, akafungua nyumba ya thamostati, na ndani hapakuwa na kitu. Iliondolewa siku rejeta ilipotengenezwa kwenye ile gereji ya kwanza, na hakuna aliyeona haja ya kunijulisha. Nilipowauliza, jibu lilikuwa, "Kaka, hiyo ni ya nchi za baridi, huku inachemsha gari tu." Naomba ieleweke: waliong'oa kifaa kinachosaidia injini kutumia mafuta vizuri, kisha wakaniuzia dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta.

Thamostati haikuwekwa pale kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Kompyuta ya gari husoma joto hilo, na maadamu inaona injini bado ni ya baridi, huongeza petroli kama vile mtu amewasha gari asubuhi. Oili nayo haifikii wepesi wake, hivyo msuguano unaongezeka. Kwenye foleni huwezi kulitambua tatizo hili, kwa sababu injini hupata moto kwa kusimama. Hujidhihirisha kwenye barabara ndefu, ambako ndiko gari lilipaswa kula kidogo zaidi. Ukiona safari ya mkoani haikupi nafuu yoyote juu ya mizunguko ya mjini, anza na kifaa hiki.

Thamostati mpya ilinirudisha kwenye kilomita 12 na ushee. Tuliibadilisha pia sensa ya oksijeni, inayoipima hewa ya moshi ili kompyuta ijue kiasi cha petroli cha kutoa, iliyokuwa imechoka na kutoa taarifa kwa uvivu, na oili nzito ya 20W-50 niliyokuwa nikiwekewa ikatoka ikaingia 5W-30 iliyo nyepesi zaidi, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kwa injini hiyo. Hapo nikavuka 13. Serikali ya Marekani, katika ushauri wake kwa wenye magari, inaeleza kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40, na kwamba kutumia 10W-30 kwenye injini ya 5W-30 peke yake hupoteza asilimia 1 hadi 2. Sasa fikiria 20W-50.

Baada ya yote hayo ndipo nilipoweka dawa, nikachagua yenye polietha-amini, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa kifupi PEA. Iliongeza karibu nusu kilomita kwa lita, na mtikisiko uliokuwapo injini ikiunguruma gari likiwa limesimama ukatulia. Nusu kilomita si haba, ila gereji ile ilikuwa imeniahidi kilomita 3 nzima kutoka kwenye chupa.

Dawa ya namna hii hufanya kazi kwa njia inayoeleweka. Ukizima gari lenye moto, petroli kidogo inayobaki kwenye ncha ya injekta huiva na kuacha utando, na utando ukiongezeka injekta haitoi tena ukungu mwembamba bali matone, ambayo hayaungui yote. Molekuli ya PEA ina upande wenye naitrojeni unaonasa kwenye uchafu na upande mwingine unaoyeyuka ndani ya petroli, hivyo uchafu huachia na kuchukuliwa. Inastahimili joto kali, kwa hiyo husafisha hata ndani ya chumba cha mwako, mahali ambapo dawa za aina nyingine huweza kuacha masalia yake zenyewe. Techron ya Chevron ni mfano mmoja unaotumia kemikali hiyo. Chupa nyingi za bei nafuu, kwa upande mwingine, zina kimiminika kinachokaribiana na mafuta ya taa na dawa kidogo sana, na katika nchi ambayo bajeti ya mwaka 2011 ililazimika kupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji, inashangaza kwamba tunayanunua tena kwenye chupa nzuri.

Sasa niitazame Premio ya Mwanza. Kama ina injini ya lita 2 ya 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4, petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haigusi kabisa mgongo wa valvu za kuingizia hewa. Valvu hizo hushika masizi kutokana na mvuke wa oili, na dawa ya tangini haitayafikia hata ukimimina katoni nzima. Itasafisha injekta, na kwa injini hizo hilo ni jambo la maana, lakini valvu zinahitaji menifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, ifunguliwe na masizi yasuguliwe kwa mkono, kwa dawa ya kuyeyusha na brashi. Ni kazi ya siku nzima na inahitaji fundi mvumilivu. Kama injini yake ni ya lita moja na nusu au ya 1.8, petroli hupita juu ya valvu na dawa inaweza kuziosha.

Kuhusu chupa nyingine mbili kwenye orodha yake sina mengi. Oktani ya juu haiongezi kilomita kwenye injini ambayo haikuundwa kuihitaji, na baadhi ya viongezi hivyo vina madini ya chuma yanayoacha rangi nyekundu kwenye plagi. Dawa ya kusafishia injini kabla ya kumwaga oili hupunguza utope, lakini kwenye injini iliyotelekezwa miaka mingi inaweza kubandua mabonge yakaziba chujio la pampu ya oili, na hapo suala halitakuwa tena ulaji wa mafuta. Shirika la mazingira la Marekani limewahi kuchunguza zaidi ya bidhaa 100 zilizodai kupunguza matumizi ya mafuta, na halikupata hata moja iliyoboresha matumizi kwa kiasi kikubwa.

Ndugu zangu, tunanunua magari kwa jasho, wengine kwa mkopo, kisha tunaona haya kumuuliza fundi swali la pili. Muulize. Mwambie akuonyeshe alichokitoa, akurudishie kipande cha zamani, akueleze kwa nini anaamini tatizo ni injekta na si tairi zisizo na upepo, breki inayoshika au thamostati. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki kwa maswali, na huyu niliyenaye sasa hufurahia hata kunionyesha. Anayekasirika amekwisha kukupa jibu. Wala usikubali kuitwa mjuaji kwa sababu umepima. Shemeji yangu aliyenicheka ndiye aliyekuja mwenyewe kuomba kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, na nilimpa, ingawa sikumkabidhi kabla ya kumkumbusha lile jina la injinia.

Ukishahakikisha kwamba mengine yako sawa na umeamua kutumia dawa ya PEA, imimine tangi likiwa karibu tupu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha jaza mafuta juu yake ili ichanganyike. Petroli hiyo itumie kwenye safari ndefu badala ya foleni, na usizidishe dozi kwa kudhani itaharakisha. Dawa ya petroli usiiweke kwenye gari la dizeli. Panga kuitumia oili inapokaribia kubadilishwa, kwa kuwa kiasi fulani cha dawa pamoja na uchafu uliobanduka hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ni afadhali vitoke pamoja na oili ya zamani.