Maswali ya Wachoraji: Picha ya Kila Siku na Ushabiki Mtandaoni

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaochora wahusika wa katuni za Kijapani na wachezaji wa mpira, kisha wakaziweka kazi zao mtandaoni siku hadi siku. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

SWALI: Nachora kwa penseli kwenye A4. Nikiishika picha mkononi inapendeza, lakini nikiipiga kwa simu na kuiweka Instagram, karatasi inakuwa ya kijivu, penseli inang'aa, na nywele za mhusika zinakatwa juu. Nakosea wapi? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Hayo ni matatizo matatu, kaka, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na kijivu. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kilicho mbele yake si cheupe sana wala si cheusi sana. Ikikutana na karatasi nyeupe, hupunguza mwanga. Gusa karatasi kwenye kioo cha simu, kialama cha jua kitokee, kisha kipandishe taratibu. Simama pale ambapo karatasi imekuwa nyeupe na mistari yako myepesi kabisa bado inaonekana. Ikipotea, umezidisha.

Mng'ao unaletwa na penseli laini, hasa 4B na 6B, mwanga unapotoka juu na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Weka karatasi karibu na dirisha lisilopigwa na jua, mwanga uje kwa ubavu. Usiwashe flashi. Zima na taa ya chumbani, kwa sababu mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa ya njano, upande mmoja wa karatasi unaelekea buluu na mwingine manjano, na ukirekebisha huku unaharibu kule.

Kisha usiikaribie karatasi mno. Lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana, kwa hiyo ukiwa sentimita 20 tu kutoka kwenye A4, kivuli cha simu kinaingia na sura iliyo pembeni inavutika. Rudi nyuma hadi sentimita 45 hivi, weka ukuzaji (zoom) wa 2x, na simu iwe sambamba na karatasi. Washa ile mistari ya gridi ikusaidie kulinganisha kingo. Hata kama 2x ya simu yako ni ya kukata picha tu, bado inabaki kubwa kuliko inavyohitajika, maana posti ya kawaida ya wima ni pikseli 1080 kwa 1350.

Hapo ndipo nywele zinapokatwa. Uwiano wa upana kwa urefu wa vipimo hivyo ni 4 kwa 5, na A4 ni ndefu zaidi ya hapo. Kabla hujaanza kuchora, piga fremu ya sentimita 20 kwa 25 na kila kitu kiishie ndani yake. Jambo moja zaidi: tangu Januari 2025 picha ndogo kwenye ukurasa wa wasifu huonyeshwa kwa 3 kwa 4, kwa hiyo posti ya 4 kwa 5 hupoteza kama pikseli 34 kila upande. Saini yako isikae ukingoni.

Epuka programu za kuskani nyaraka kwa kazi za penseli. Zimetengenezwa kusoma maandishi, na kivuli chepesi cha shavuni huzihesabu kuwa uchafu. Kwa wino mweusi, hapo sawa, zinafaa sana.

SWALI: Kila Oktoba naanza Inktober, ile changamoto ya kuchora kwa wino kila siku ya mwezi, kwa nguvu, nikifika siku ya tisa au ya kumi nimechoka na naacha kabisa. Nifanyeje nimalize zote 31? *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Kwanza, si lazima zote 31. Mchoraji wa Marekani, Jake Parker, alianzisha Inktober mwaka 2009 ili ajizoeze wino, na mwenyewe ameacha mlango wazi kwa anayetaka kuchora siku moja na kuruka nyingine, au hata mara moja kwa wiki. La muhimu ni kushika mpango uliouchagua.

Lakini ukitaka zote, tenganisha kuchora na kuposti. Kuchora ni zoezi la mkono, na kuposti kunataka picha nzuri, maneno, bando na umeme. Ukizifunga pamoja, siku moja ya mgao wa umeme inaziua zote mbili. Anza mwishoni mwa Septemba, ufike tarehe mosi ukiwa na akiba ya picha saba. Kila siku chora moja na uposti moja kutoka kwenye akiba. Ukiugua au ukiwa na mtihani, wafuasi hawatajua.

Pili, punguza ukubwa. A4 moja inabeba fremu nne za sentimita 8 kwa 10, ambazo ni 4 kwa 5 ileile. Fremu ya ukubwa huo inamalizika kwa nusu saa: dakika 5 za penseli nyepesi, 20 za wino, 5 za kujaza sehemu nyeusi. Wengi wanaoacha siku ya tisa walianza siku ya kwanza na ukurasa mzima wenye mandhari, upanga, joka na mvua.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunyonya wino wa kalamu laini, mstari ukavimba kama nyuzi. Tafuta ya gramu 160 au zaidi dukani kwa vifaa vya ofisi. Kama haipatikani, chora kwa biki: wino wake ni mzito na hausambai, na ukilegeza mkono unapata vivuli. Usifute penseli mara tu baada ya wino. Subiri angalau robo saa, na sehemu zilizojazwa nyeusi ziache zaidi, la sivyo kifutio kitaburuta weusi hadi usoni mwa mhusika.

SWALI: Nikituma michoro kwenye kundi letu la WhatsApp inakuwa na ukungu. *Msomaji, Bukoba*

JIBU: WhatsApp hupunguza picha ili kuokoa data. Chagua ubora wa HD kabla ya kutuma, au itume kama hati badala ya picha, itafika kama ilivyo.

SWALI: Nina ukurasa wa mashabiki wa anime. Kila siku naweka picha nzuri ninazokuta Pinterest na kuandika "haki zote kwa mchoraji." Mtu amenilalamikia kwamba naiba. Je, ni kweli? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Amesema kweli, dada, ingawa tunaamini hukukusudia. Maneno hayo hayampeleki mtu yeyote kwa mchoraji. Mpenzi wa picha anakufuata wewe, na aliyekesha akiichora habaki na kitu.

Pinterest kwa kawaida ni kituo cha katikati, picha zimetoka kwingine. Pitisha picha kwenye Google Lens, inayotafuta kwa kutumia picha, na kwa michoro ya anime jaribu pia tovuti ya SauceNAO, ambayo mara nyingi hukufikisha kwenye akaunti ya mwenyewe, iwe Pixiv (mtandao wa Kijapani wa wachoraji) au X (zamani Twitter). Ukifika, soma wasifu wake. Wachoraji wengi wa Japani huandika 無断転載禁止, yaani hairuhusiwi kuchapisha tena bila idhini. Ukiyaona hayo, usiipakue. Tumia kitufe cha kusambaza kilicho ndani ya mtandao wenyewe, kinachobeba jina lake na kumletea watazamaji. Asiyeandika chochote, muombe kwa ujumbe mfupi. Asipojibu, usiweke. Na usikate saini kamwe.

Picha tatu kwa wiki zenye majina kamili zina faida kuliko saba zisizo na wenyewe. Siku zinazobaki andika wewe: onyesho lililokugusa, jinsi nguo ya mhusika ilivyobadilika msimu hadi msimu.

SWALI: Naweza kuuza stika za wahusika nilizochora mwenyewe? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Mkono ni wako, mhusika si wako. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999 na Kenya ya 2001, na zote mbili humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Japani kuna soko kubwa la kazi za mashabiki, Comiket, lililoanza Tokyo mwaka 1975, lakini linaendelea kwa sababu wenye haki wanalivumilia. Kuvumiliwa si ruhusa. Kampuni kadhaa za michezo ya video zimetoa mwongozo wa kile shabiki anachoweza kuuza na kwa kiasi gani, basi usome kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa. Nembo ya klabu ya mpira usiiguse bila idhini. Hiyo ni alama ya biashara.

SWALI: Binti yangu wa miaka 14 anaposti michoro yake kila jioni. Sitaki kumkatisha tamaa, ila naogopa. *Mama, Zanzibar*

JIBU: Mama, usimzuie, muwekee mipaka. Akaunti iwe ya michoro tu, bila sura yake, na iwe ya faragha. Kagua kinachoonekana pembeni ya karatasi: sare, daftari lenye jina la shule, dirisha linaloonyesha mtaa. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, kwa sababu picha inayotumwa kama hati inaweza kufika na alama za mahali ilipopigwa.

Ujumbe wa watu asiowajua ufungwe. Hapo ndipo wanapoingia wanaojifanya wateja: wanasifia kazi, wanaahidi malipo makubwa, kisha wanadai mchoraji atume kwanza ada ili fedha "zifunguke", au wanatuma risiti bandia na kusema wamezidisha, warudishiwe chenji. Mteja wa kweli hamdai mchoraji hata shilingi. Mwambie binti kila ombi la kazi lipitie kwako, na salio lihakikishwe kwenye simu yako kabla hajashika penseli.