Anzeni na mahabusu kwanza

Swali lenu la wiki hii limesema Marekani inafunga watu wengi kupita kiasi na weusi ndio wanaoumia zaidi, halafu mkauliza, jela zikipunguzwa hao watu wapelekwe wapi? Mimi naishi huku New Jersey, na naona swali limeruka hatua. Limechukulia kwamba kila aliyeko ndani ameshahukumiwa. Siyo kweli jamani. Siku yoyote ile Marekani ina watu karibu milioni 2 nyuma ya nondo, na ukienda kwenye zile jela za kaunti, kama theluthi mbili ya waliomo ni mahabusu tu, hawajahukumiwa, kesi inapigwa kalenda na wao wanasota.

Na wengi wanasota kwa sababu hawana hela, basi. Dhamana ya huku sio ile ya nyumbani ya kupeleka barua ya mtendaji na wadhamini wawili wenye vitambulisho. Huku majimbo mengi hakimu anataja kiasi, tuseme dola 5,000, unaweka keshi mezani unatoka. Huna? Kuna kampuni za biashara kabisa, ofisi zao zimejipanga karibu na mahakama na mabango ya taa yanawaka usiku kucha, wanakuwekea dhamana ila unawalipa asilimia 10 na hiyo hairudi hata ukishinda kesi. Huna hata hiyo? Unabaki ndani. Biashara ya namna hii utaikuta Marekani na Ufilipino, kwingine karibu kote duniani hakuna kitu kama hicho.

Wengi mmesikia habari za Kalief Browder, kijana mweusi wa Bronx, New York. Mwaka 2010, ana miaka 16, akatuhumiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana dola 3,000, familia ikashindwa, na baadaye hata hiyo dhamana ikafutwa. Akapelekwa Rikers Island, jela ya jiji la New York, akakaa miaka mitatu, karibu miwili kati ya hiyo akiwa kwenye seli ya peke yake. Mara kadhaa aliambiwa akiri kosa mambo yaishe, akagoma kwa sababu anasema hakuiba. Mwaka 2013 kesi ikafutwa, hakuna ushahidi, nenda nyumbani. Juni 2015 akajiua, miaka 22. Mwaka 2019 jiji la New York likakubali kuilipa familia dola milioni 3.3, na mama yake wakati huo alikuwa ameshafariki.

Hapo kwenye kukiri ndipo panaponiuma. Huku zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za jinai zinatokana na mtu kukiri, sio kesi kusikilizwa mpaka mwisho. Mwenye hela anasubiri nyumbani, anaenda kazini, anakaa na wakili wake vizuri. Asiye nazo anaambiwa kiri leo utoke leo, ukikataa utarudi tena mwezi ujao, na kule nje kodi ya nyumba inadai na bosi hasubiri. Kwa hiyo anakiri hata kama hakufanya, na kuanzia hapo ana rekodi, na waajiri wengi wanaiangalia.

Nafanya kazi nyumba ya kulea wazee. Kabla sheria ya hapa haijabadilika, dada mmoja tuliyekuwa naye shifti moja, Mmarekani mweusi, mwanae alikuwa mahabusu kwa dhamana ambayo wangechanga ukoo mzima wasingeifikisha. Yule dada simu haikuwa inatoka mkononi, hata akimgeuza mgonjwa kitandani anaiweka juu ya shuka, maana simu ya jela ukiikosa huwezi kuipiga wewe, mpaka kijana apate zamu nyingine kwenye foleni. Na kila dakika inalipiwa. Wiki zikapita, kijana akapoteza kazi ya ghalani, chumba alichopanga kikachukuliwa na mtu mwingine, mwisho mashtaka yakaondolewa. Hakuna aliyemlipa kitu.

Januari 2017 New Jersey ikaachana karibu kabisa na dhamana ya hela. Hakimu sasa anaangalia kama mtu ana hatari ya kutoroka au kudhuru watu, mfuko wake hauhusiki. Kati ya mwisho wa 2015 na mwisho wa 2018 mahabusu walipungua kwa karibu asilimia 44, na wale walioachiwa, karibu 9 kati ya 10 waliitikia tarehe zao za mahakama wenyewe. Illinois nayo Septemba 2023 ikafuta dhamana ya hela moja kwa moja, jimbo la kwanza kufanya hivyo. Kwa hiyo kundi hili la kwanza jibu lake ni jepesi, wapelekwe wapi? Kwao. Wakumbushwe tarehe kwa meseji.

Ila sasa sikilizeni hii, maana ndiyo ngumu. Pamoja na kupungua kote huko, weusi walibaki zaidi ya nusu ya waliomo kwenye jela za kaunti hapa New Jersey, wakati kwenye idadi ya watu wa jimbo hawafiki hata mmoja kati ya sita. Idadi ilishuka kwa wote, uwiano ukaganda palepale. Mlango wa kutokea ulipanuliwa, wa kuingilia haukuguswa. Nani anasimamishwa na polisi, mtaa gani unapigwa doria kila usiku, kosa gani limewekewa kifungo gani, hayo yaliachwa vilevile. Angalia sheria ya madawa ya serikali kuu ya 1986: kokeini ya vipande kama kokoto, "crack", ile ya kuvuta iliyokuwa imejaa mitaa ya weusi, gramu 5 tu ulikuwa unakula miaka mitano lazima, hakimu hana ujanja. Kokeini ya unga, mpaka ufikishe gramu 500. Dawa ni ileile! Ilichukua mpaka 2010 kupunguza tofauti kutoka mara 100 hadi mara 18, na hata hapo usawa haupo.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema sawa, hao wa begi na wa madawa waachieni, vipi aliyenikaba na kisu? Ana haki ya kuuliza, maana kwenye magereza ya majimbo, wanakofungwa waliohukumiwa, zaidi ya nusu wamo kwa makosa ya kutumia nguvu, ukiachia wa madawa peke yao bado hujafika popote. Mimi jibu linalonishawishi ni la Common Justice, shirika la New York lililoanzishwa na Danielle Sered. Wao wanachukua kesi nzito hasa, unyang'anyi, kupiga na kujeruhi, lakini aliyeumizwa lazima akubali kwanza. Wanasema wanaoulizwa karibu 9 kati ya 10 wanakubali, na sio kwa huruma, ni kwamba wanataka kuwa salama na wanataka kujibiwa. Aliyekukaba akipelekwa gerezani miaka saba, lini utamuuliza kwa nini alikuchagua wewe? Pale anakalishwa, anaulizwa, anaeleza, wanakubaliana atafanya nini kurekebisha, halafu anafuatiliwa zaidi ya mwaka mzima. Akitimiza haendi jela, akikwepa kesi inarudi mahakamani.

Mauaji na ubakaji hawachukui, na mimi sijasema hao warudishwe mtaani kesho. Kinachonikera ni kwamba mpango wenyewe uko maeneo machache tu ya jiji la New York, kama Brooklyn na Bronx, na hata ukimkubalia aliyekuumiza, mwendesha mashtaka akisema hapana, kijana anaenda gerezani na wewe hujaulizwa tena.